Harusi 22 Agosti Kisumu, wageni 250: tunaomba ushauri wa vidogovidogo

Nyota_Milimani

Hamjambo wote. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi ya harusi. Pole nimeshapewa za kutosha.

Harusi yetu ni Jumamosi, 22 Agosti 2026. Ibada ni saa nne asubuhi katika kanisa la Kianglikana hapa Kisumu, kisha karamu kwenye bustani ya kukodi upande wa Ahero. Kwetu ni Nakuru, kwa kina bwana harusi ni Bungoma. Mpangaji wa kulipwa hatuna, tuna kamati ya watu tisa. Mahari imeshazungumzwa, kanisa limekubali tarehe, bustani imelipiwa arbuni. Yaliyobaki ndiyo yananinyima usingizi.

Orodha ilianza na watu 180, sasa iko 250 na mashangazi bado wanatuma majina. Ahadi za michango zimejaa kwenye kikundi cha WhatsApp, pesa mkononi ni chache. Keta (mwenye kazi ya kupikia karamu kwa malipo) anataka shilingi 750 kwa sahani, nusu ya kamati inasema tununue chakula wenyewe na tukodi wapishi. Mwoka keki mmoja anapendekeza krimu, mwingine anaikataa katakata. Vitenge vya wasimamizi (wanawake sita, wanaume wanne) havijanunuliwa. Karani wa kanisa ananiambia kuna matangazo ya kusomwa hadi Nakuru. Na mvua je?

KaraniMstaafu

Anza na karatasi, dada. Tenti inaweza kutafutwa hata Alhamisi ya wiki ileile, lakini Jumapili huwezi kuziongeza.

Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Kama wewe bado umeandikishwa kanisani kwenu Nakuru na mwenzako kwao Bungoma, yatasomwa huko pia, halafu kasisi wa kila mahali aandike barua kwamba hakuna pingamizi. Barua hizo ndizo hupotea. Matangazo yanasomwa, watu wanapiga vigelegele, kisha hakuna anayekumbuka kupita ofisini kuzichukua. Omba yasomwe tarehe 5, 12 na 19 Julai, msingoje Jumapili tatu za mwisho kabla ya harusi. Jina likikosewa, mtakuwa na mwezi mzima wa kurekebisha.

Majina yenyewe: yaandike kwa herufi kubwa kama yalivyo kwenye vitambulisho, kwa mpangilio uleule, kisha mpe karani karatasi hiyo mkononi. Cheti cha ubatizo kinaweza kuwa na majina mawili, kitambulisho matatu, na karani mwenye haraka atanakili chochote kilicho mbele yake. Kosa la herufi moja kwenye cheti cha ndoa litakufuata ukienda kutafuta pasipoti au kumwandikisha mwenzi wako kwenye bima. Siku yenyewe kisome kabla ya kutia saini, hata kwaya ikiwa imeshaanza wimbo wa kutokea. Mashahidi ni wawili, na waje na vitambulisho. Wasimamizi wengi huviacha kwenye gari pamoja na simu.

Jambo moja kamati hulisahau. Mkimwalika mjomba mchungaji kutoka Bungoma, ahubiri kadiri apendavyo, lakini anayefungisha ndoa na kusaini awe mwenye leseni ya kufungisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Ulizeni mapema, kwa heshima, ili isiwe aibu pale mbele.

Kwa wengine mnaosoma: ndoa ya serikali kwa msajili inataka notisi ya siku zisizopungua 21, na isitolewe zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Wakatoliki, cheti cha ubatizo kiwe nakala mpya, ya ndani ya miezi sita. Waadventista hawaoani Sabato, kwa hiyo harusi yao ya Jumapili huwapa tenti na spika kwa urahisi kuliko wa Jumamosi.

JikoLaKondele

Kabla ya kubishana kuhusu keta, fungeni idadi. Na hesabu ya jikoni haiwezi kuwa 250. Kuna wapigapicha, dijei na vijana wake, madereva, wapambaji, walinzi, wanaopakua na wapishi wenyewe. Hao ni 25 hadi 30. Pikeni kwa 280.

Kwa 280, mkinunua wenyewe, hesabu inakaa hivi. Mchele wa pilau kilo 30 na nyama ya kutia kwenye pilau hiyo kilo 15. Kilo moja ya mchele hulisha watu tisa au kumi kukiwa na wanga mwingine mezani. Chapati: pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa 18 hadi 20, kwa hiyo pakiti 16. Kuku 36, kila mmoja vipande vinane. Nyama ya mchuzi kilo 30. Mkitaka mbuzi, mjue mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 au 14 tu za nyama na mifupa, msije mkanunua wawili mkadhani mna kilo 60. Ugali pakiti 12 za kilo 2, maana si wote watauchukua, lakini usikosekane. Wageni wa Bungoma wakipewa kuku bila ugali watakula na kushukuru, kisha mtasikia habari hiyo kwenye kila mazishi kwa miaka kumi. Wa Nakuru wataulizia mukimo (viazi vya kuponda na mahindi na mboga). Sufuria moja inatosha kuwanyamazisha.

Kuku wa kienyeji na wa kisasa wasipikwe sufuria moja. Wa kisasa huiva kwa dakika 40 hivi, wa kienyeji aliyekomaa huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Ukiwachanganya, mmoja anasambaratika mwingine anavutwa kwa meno. Kuku wachinjwe na kukatwa Ijumaa jioni ikiwa tu kuna friji ya kutosha. Kama hakuna, kazi ianze saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nyama mbichi iliyolala kwenye beseni kwa joto la Kisumu ndiyo huleta tumbo la kuendesha Jumapili. Kuni zinunuliwe wiki mbili kabla zikae chini ya mabati, kwa sababu kuni mbichi zitawachelewesha hata kama mna wapishi hodari.

Sasa pale ambapo karamu nyingi huaibika: foleni. Meza moja ya kupakua, watu wakipita upande mmoja, hupitisha kama watu watatu kwa dakika. Wageni 250 ni dakika 83, na wa mwisho anafika kwenye sinia za mifupa. Meza mbili, kila moja ikipakuliwa pande zote mbili, mnamaliza kwa dakika 20 na kitu. Na wageni wasiachwe wajipakulie nyama. Mweke mtu mwenye mkono wa kadiri kwenye kila sinia ya nyama na kuku, tena asiwe jamaa. Jamaa hawezi kumnyima ami yake kipande cha tatu.

Soda za chupa ndogo, kreti 16 zenye chupa 24. Kubalianeni na duka kwamba zisizofunguliwa zitarudishwa, na mtu mmoja ahesabu chupa tupu jioni, kwa sababu arbuni ya chupa hupotelea hapo. Maji ya nusu lita, katoni 19 za chupa 24. Kisumu watu hunywa maji kuliko soda, hasa walioketi tenti ya upande wa jua.

Turubai_na_Kamba

Dada, nitaanza na tarehe. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na 2026 ni mmoja wao. Sherehe nyingi huanza mapema mwezini, lakini Bungoma nzima huwa imetingwa: tenti, viti, mafahali, mbuzi, na zaidi ya yote wajomba. Bwana harusi aulize sasa ni nyumba zipi za kwao zina mvulana mwaka huu. Hao huenda wasije, au waje wawili badala ya kumi. Hapo orodha yako inapungua bila ugomvi. Mkipanga kununua mifugo kwao kwa bei ya nyumbani, msifikirie hivyo Agosti hii.

La pili, huku magharibi mwa Kenya Jumamosi ni siku ya mazishi. Tenti zako, viti vyako na spika zako zinagombaniwa na matanga kutoka Siaya hadi Vihiga. Mwenye tenti akikwambia "tutafika asubuhi na mapema", maana yake tenti ziko kwenye mkesha mahali fulani na zitang'olewa alfajiri. Andikeni kwenye mkataba kwamba tenti zisimame Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, viti vihesabiwe hapo hapo, na awamu ya pili ya malipo itoke baada ya kuhesabu. Viti viwe 270. Kumi vitakuwa na mguu uliovunjika, msiwe wa kuulizana.

Mvua: kandokando ya ziwa hupenda kuja baada ya saa nane mchana, na huja na upepo. Tatizo kubwa si turubai kutoboka. Ni pale tenti mbili zinapokutana. Zikiwekwa bega kwa bega bila mfereji wa turubai uliofungwa chini ya maungio, maji ya mapaa mawili yanaporomoka kwenye mstari mmoja, na kwa kawaida mstari huo uko juu ya wazee. Omba mfereji huo kwa jina, uuone umefungwa, na uwe umeinama kuelekea nje. Mwage ndoo moja ya maji Ijumaa muone yanakokwenda.

Upande wa Ahero udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, kigingi kifupi hung'oka kama jino bovu. Vigingi viwe vya chuma, virefu, vipigwe kwa mshazari, na kamba za upande wa ziwa ziwe mbilimbili. Mchimbe mtaro wa kina cha kiganja kuzunguka tenti. Gari la maharusi lisiegeshwe kwenye nyasi, na kina dada waambiwe mapema wasivae visigino vya sindano.

Stima msiitegemee. Jenereta ya kVA 5 hadi 10 inatosha spika, taa na friji moja, mradi ikae mbali na jikoni, chini ya paa lake, na maungio ya nyaya yainuliwe kutoka chini. Spika za nje pia huhitaji kibali cha kelele kutoka kaunti. Mwenye bustani aseme kama kibali chake kinawafunika au mchukue chenu.

Nyota_Milimani

Asanteni sana. Mwenye tenti wetu ametamka maneno yaleyale ya "asubuhi na mapema", nampigia kesho.

Jiko, ungeulizwa uchague, keta au wapishi? Na kuna anayejua keki na vitenge? Pesa pia hakuna aliyegusa.

JikoLaKondele

Kwa watu chini ya 150 nyumbani, wapishi. Kwa 280 kwenye bustani ya kukodi isiyo na jiko, keta. Shilingi 750 mara 280 ni 210,000, na inaonekana kubwa hadi uhesabu kuni, sufuria za kukodi, sahani, usafiri, maji ya kuoshea na mtu wa kukaa macho usiku.

Ila hiyo 750 iulizeni ndani yake kuna nini. Je, sahani na vijiko ni vyao? Wanapakua wao? Soda na maji vimo? Wafanyakazi wako wanahesabiwa bei ileile? Wageni wakizidi kwa 20, sahani ya ziada ni bei gani? Mabaki ni ya nani? Hilo la mabaki liandikwe, maana hapo ndipo mashangazi hukasirika.

Kuna kamati hununua mbuzi na kuku halafu zikampa keta apike tu. Sipendi mtindo huo. Nyama ikipungua, keta atasema mlileta kidogo, nanyi mtasema imeibwa, na hakuna wa kuwajibika.

Mshika_Daftari

Niseme ya pesa, kisha orodha, kwa sababu zinakwenda pamoja.

Ahadi si pesa. Bajeti ya vitu vitatu, yaani chakula, tenti na usafiri, ipangwe kwa pesa zilizoingia tu. Mapambo, keki ya pili, dijei wa ziada na video ya kamera mbili zisubiri ahadi. Wekeni siku ya mwisho ya michango iwe 31 Julai, si wiki ya harusi. Keta na mwenye tenti wanataka kujua Agosti ikianza.

Kama michango inaingia kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, kumbukeni laini haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Pesa zikijaa, mchango unarudi kwa aliyetuma naye anafurahi. Afadhali akaunti ya benki yenye watia saini wawili na namba ya kulipia kwa simu. Mweka hazina atume orodha ya waliolipa kila Jumapili jioni, majina na kiasi, bila maneno ya kuchokoza. Watu hulipa wakiona jina la jirani. Wauzaji mkiwalipa, ombeni namba ya till, ile ya biashara ya kupokelea M-Pesa. Kwa njia hiyo mnunuzi hakatwi ada, na malipo yanabaki na rekodi.

Malipo kwa watoa huduma yagawanywe: arbuni thelathini kwa mia, sehemu kubwa vitu vikiwa vimefika na kuhesabiwa, na kumi kwa mia ibaki hadi jioni. Anayetaka zote mwezi mmoja kabla, mtafute mwingine.

Orodha sasa. Msiwajibu mashangazi mmojammoja. Kila upande upewe idadi ya viti: Nakuru 90, Bungoma 90, kanisa na kazini 70. Shangazi akileta jina, anaambiwa ni viti vya upande wake, aseme anamtoa nani. Ugomvi unahamia kwao, ambako unaeleweka. Orodha ifungwe 25 Julai na anayeishika awe mmoja tu. Wewe na bwana harusi msiwe na nakala ya kuhariri, kwa maana mtashawishika.

Majirani wa bustani watakuja bila kadi, hilo mlijue. Sufuria moja ya maharagwe na ugali wa ziada, wapakuliwe upande wa jikoni kwa adabu. Ni rahisi kuliko kuwaweka walinzi langoni wagombane na watu.

OkaPolepole

Keki: anayekukataza krimu ndiye anayeijua Kisumu. Krimu ya kupigwa hulegea ikikaa nje saa moja kwa joto la nyuzi 30, na keki ya orofa huanza kuegemea. Siagi ya sukari huvumilia kidogo. Fondanti (sukari iliyokandwa ya kufunikia keki) hukaa vizuri zaidi, lakini isitolewe kwenye friji baridi moja kwa moja, itatoka jasho na rangi zitachuruzika. Ikae chumba cha baridi ya kawaida usiku wa Ijumaa.

Keki isafirishwe ikiwa orofa zimetenganishwa, ipangwe bustanini. Kila orofa ya chini iwe na vijiti vya kuhimili na ubao wa duara chini ya ile ya juu. Bila hivyo, ya juu inazama ndani ya ya chini katikati ya hotuba.

Kwa vipande vidogo vya harusi, kilo moja hutoa 12 hivi, kwa hiyo watu 250 wanataka kilo 20 na zaidi kidogo. Usinunue zote zikiwa za mapambo. Ya maonyesho kilo 8, nyingine kilo 13 ziokwe bapa, zisizopambwa, zikatwe huko nyuma. Hakuna mgeni atakayejua. Orofa ya matunda iokwe mapema Julai, hiyo haiharibiki.

Na ikatwe kabla ya hotuba. Ibada ikiisha saa sita na picha zikaisha saa saba, kula ni saa saba na nusu, keki saa nane na nusu. Mshereheshaji atapinga. Mwonyeshe maneno ya Turubai kuhusu mvua.

Cherehani_Kibuye

Vitenge haraka haraka. Gauni refu ni yadi 4, shati la mwanamume yadi 2 na nusu. Wanawake sita ni 24, wanaume wanne ni 10, jumla 34. Kitenge huuzwa kwa vipande vya yadi 6, kwa hiyo nunua vipande sita, ubaki na yadi mbili za vilemba na kurekebishia. Nunua vyote siku moja, duka moja, na ulinganishe maandishi ya pindoni. Ua likiwa lilelile lakini toleo tofauti, rangi hutofautiana, na tofauti hiyo huonekana kwenye picha kuliko machoni.

Kitambaa kilowekwe maji baridi kikaushwe kabla ya kukatwa, pamba husinyaa. Vipimo vichukuliwe mtu akiwa na sidiria na viatu vya siku hiyo. Wa Nakuru wasijipime wenyewe na kutuma namba kwa simu. Wapimwe na fundi wa huko. Jaribio la kwanza liwe kufikia 1 Agosti, na fundi aache inchi moja ya ziada kwenye mshono wa kila ubavu. Wiki tatu ni nyingi kwa tumbo la msimamizi.

Turubai_na_Kamba

Nimesahau basi la Nakuru. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho ni kama kilomita 185, na Agosti ukungu wa Londiani asubuhi si wa mchezo. Wakiondoka saa kumi alfajiri wanaweza kufika saa mbili na nusu, wakiwa wamechoka na gauni zimekunjamana. Wazazi wako na wasimamizi walale Kisumu Ijumaa. Basi la wengine litoke saa kumi kamili, si "saa kumi hivi", na dereva awe na namba ya mtu wa kamati, sio ya bibi harusi. Simu yako Jumamosi ishikwe na mtu mwingine tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Nyota_Milimani

Nimempigia mwenye tenti. Anakubali Ijumaa, ila mfereji wa katikati anasema "si lazima". Natafuta mwingine.